Kikohozi cha Baba Mkwe

Nikiambiwa nimchore baba mkwe wangu, nitaanzia kwenye mabuti. Ni mabuti ya mpira, meusi, na la kushoto lina kiraka chekundu alichokibandika mwenyewe. Hayo nayajua vizuri mno. Najua yanavyolia kwenye tope na yanavyolia kwenye sementi, na najua yanavyosimama pale mwenye nayo anapokuwa na hasira. Nikipanda juu kidogo, najua suruali ya kaki iliyopindwa, najua koti la mvua lililobaki na kifungo kimoja. Nikizidi hapo nakwama. Uso siujui. Nimekula mahindi ya shamba lake, nimemzalia mjukuu, na mtu akiniuliza kama ana sharubu nitaona aibu, maana itabidi nikaulize kwanza.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Huku Rungwe, kwa wazee wa zamani, mke wa mwana hamtazami baba wa mume wake. Hali naye, hampi mkono, hatamki jina lake. Wakikutana njiani mwanamke anaiacha njia, anajifunika kichwa, anachuchumaa akiwa amempa mzee mgongo mpaka apite. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila, yaani kuogopa, ila si woga wa kuogopa nyoka. Ni haya. Mnaoneana haya kwa sababu mnaheshimiana, basi. Vijana wengi wameshaiacha, na mume wangu, ambaye ananunua maparachichi vijijini na kuyapeleka Mbeya, huwa anacheka: "Mambo ya enzi za Mjerumani hayo, mke wangu." Lakini baba yake hakuiacha. Nami nilipoolewa pale Lufingo, mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha taratibu, kwa upole, kama mtu anayekuonyesha namna ya kumshika mtoto mchanga, nikaona siwezi kumvunja moyo mzee wa watu. Mimi ni mwepesi wa machozi. Hata kuku wa sendofu yangu nilimlilia.

Sasa ili tusigongane, mzee alikuwa anakohoa.

Kikohozi chake kilikuwa kama hodi. Akifika kwenye kona ya migomba anakohoa kifupi, maana yake niko njiani. Akifika karibu na banda la ng'ombe anakohoa kirefu, maana yake kama uko uani, ingia ndani. Mimi nikisikia cha kwanza nakusanya vyombo, nikisikia cha pili niko jikoni nimefunga mlango. Kuna wakati alishikwa na mafua ya kweli, akakohoa asubuhi mpaka jioni, nami nikashinda jikoni kama mfungwa, moshi unaniua. Mama mkwe akaja kunigongea huku anacheka mpaka anashika mbavu: "We mwali, toka huko! Leo anaumwa tu, hakuiti wala hakufukuzi!"

Jina lake siandiki. Linafanana na lile neno la kitu cha kusongea ugali, kwa hiyo hata hicho kitu nyumbani sikitaji, nasema "kile cha kusongea." Nilipoanza kazi mjini, mpishi wetu, mtu wa Tanga mwenye mdomo usiopoa, aligundua. Akawa anakiinua juu mbele ya kila mtu.

"Dada, hiki kinaitwaje?"

"Cha kusongea."

"Jina lake la ubatizo!"

"Nipe nifanye kazi, kaka."

"Wallahi huyu na mkwewe wanacheza kombolela humu ndani. Mmoja akihesabu, mwingine anajificha."

Niseme kuhusu hiyo kazi. Tukuyu mjini, upande wa juu kule kwenye majengo ya zamani ya Boma, kuna nyumba yenye kuta nene za mawe, mabati mekundu na mabomba ya moshi juu ya paa. Ilijengwa na wakoloni, baadaye wakakaa wakubwa wa serikali, kisha ikakaa tupu, popo ndani, majani yanaota kwenye mifereji ya bati. Baba mkwe alikuwa mtunza bustani wa wale wakubwa. Walipoondoka, hakuna aliyekumbuka kumwambia naye aondoke, basi akaendelea kwenda. Anafyeka, anapogoa maua, anafunga geti, anarudi Lufingo. Watu walimwona kama amepungukiwa kidogo. Yeye alijibu neno moja tu: "Nyumba ile inanijua."

Halafu akaja Madam kutoka Dar. Akaipaka chokaa, akaweka mabafu ya kulala mtu mzima, mashuka meupe, mapazia ya kitani, taa za vikapu, na akasema hii ni hoteli ya kifahari, hoteli ndogo ya aina yake, butiki. Mama mkwe alishangaa: "Butiki? Kwa hiyo mnauza magauni?" Na kutoka nyuma ya ukuta, maana alikuwa anasikiliza kama kawaida yake, mzee akajibu: "Hoteli ni pale stendi, penye supu na chapati. Kule ni nyumba tu. Wameipigia pasi." Mpaka leo hajawahi kuiita hoteli.

Madam alimkuta na nyumba, akamchukua na nyumba. Akampa bustani, na kazi ya kuwasha moto vyumbani, kwa sababu kila chumba kina mahali pake pa kuotea moto, na Tukuyu mwezi wa saba si mchezo. Na jambo la kushangaza ni hili: ni yeye aliyeniingiza mimi kazini. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalinitupa nje, nikasoma kozi fupi ya usafi na mapokezi Mbeya, nikarudi na cheti na ndoto. Ndoto yangu nilikuwa nayo tangu shule, ya kuwa siku moja na nyumba ndogo ya wageni, mapazia meupe, harufu ya chai asubuhi, mimi nimesimama mlangoni nasema karibuni. Nilikuwa nikimsimulia mama mkwe tukimenya ndizi. Kumbe ukuta una masikio yake yale yale. Siku moja mama akaniambia: "Mwenye nyumba wangu amemwambia bosi wake kwamba kuna binti anajua kutandika. Uende Jumatatu."

Fikiria. Mtu anayenikwepa nyumbani penye nafasi ya eka nzima, ananitafutia kazi kwenye nyumba yenye korido moja.

Alijibebesha adha hiyo yeye mwenyewe. Asubuhi nikiwa vyumbani, yeye yuko bustanini. Mchana nikiwa kwenye kufua, yeye anapanga kuni. Jioni ndipo palikuwa na ugumu, maana mimi natandika vitanda vya usiku wakati yeye anawasha moto, na hapo kikohozi alikiacha kwa ajili ya wageni, akaweka wimbo. Alikuwa mwimba besi kanisani, na hata akiwa peke yake aliimba besi tu. Kwa hiyo nyimbo zake zilikuwa na mashimo. Anaimba kidogo, ananyamaza kungoja sauti ya kwanza ambayo haipo, kisha anaingia tena mahali pake. Nilikuwa chumba cha huku nikisikia yale mashimo yanasogea kwenye korido, nami natoka kwa mlango wa nje wa veranda. Nikiingia chumba alichotoka nakuta kuni zimepangwa safi, moto umeshika, na mara moja moja, juu ya jiwe la pale juu ya moto, pasheni mbili. Zangu hizo. Mgeni akizila nilikuwa naumia.

Tulizungumza kupitia mpishi. "Mwambie yule binti kamba ya pazia la chumba cha kona imelegea, itamwangukia mtu." "Mwambie mzee moshi unarudi ndani kule kwa Wazungu." Mpishi alisimama katikati yetu, mmoja jikoni, mwingine nje ya dirisha, akawa analalamika: "Mimi nimekuja kupika, sasa nimekuwa posta!"

Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mbeya. Habari ya mtu yeyote Lufingo ikitokea asubuhi, mchana anayo, na kaiongezea chumvi. Mpira wa redioni ulimtoa akili, mwenye haya zote zile alikuwa anamtukana refa kwa Kinyakyusa mpaka ng'ombe wanashtuka. Alimwogopa mbwa wa Madam, kijibwa kidogo kama soksi, akimwona anapita nyuma ya nyumba nzima. Wageni aliwasema: "Wanakuja Tukuyu na kaptula, halafu wanaomba moto. Si wangekuja na suruali?" Na hapo hapo anawachagulia kuni kavu kuliko zote.

Na kanisani, jamani. Ni mzee wa kanisa. Mchungaji wetu akikemea mila, akitaja hata hii ya wakwe kwa jina, amina ya baba mkwe ndiyo inayotoka nzito kuliko zote. Ibada ikiisha anatokea mlango wa pembeni ili asinikute.

Nilipojifungua hospitalini Makandana, mvua ilikuwa ya kumwaga. Kupitia dirishani niliona mwavuli mweusi umesimama kwenye uzio, mtu ametupa mgongo, hasogei. Nikamwambia nesi, kuna mtu analowa pale. Mama mkwe akacheka. "Huyo hawezi kuingia, wewe umo humu. Na hawezi kukaa nyumbani, mjukuu yumo humu. Atafanyaje?" Akamfunika mtoto, akampeleka nje chini ya mwavuli. Niliona mwavuli umeinama, umekaa umeinama muda mrefu. Kisha mama akarudi na mtoto amezungushiwa lile koti la kifungo kimoja, na mzee akaondoka kwenye mvua na shati.

Huyo ndiye. Sasa nifike kwenye kisa cha shuka.

Ilikuwa alasiri, na mvua ya kwetu ikipiga kwenye bati humsikii hata anayekupigia kelele sikioni. Besi haikusikika. Natoka chumba cha kona na mzigo wa mashuka machafu, na yeye anakata kona na kuni kifuani, na korido ni nyembamba, na mlango niliotokea umejifunga wenyewe nyuma yangu. Sikufikiri. Mwili ulifanya ulichofundishwa. Nikatupa shuka kichwani, nikageukia ukuta, nikachuchumaa. Kuni zikaporomoka. Nikaona kwa chini ya shuka lile buti lenye kiraka linageuka, naye akaukabili ukuta wa pili. Tukakaa hivyo, migongo inatazamana, kuni katikati, kila mmoja anangoja mwenzake apite, na hakuna awezaye kupita kwa sababu ya kuni.

Na mgeni mmoja, dada wa mjini mwenye simu kubwa, alikuwa amefungua mlango wake. Akadhani anakaribishwa. Akarekodi yote, na kumbe alisema kwa sauti tamu, "Jamani, wanasalimia kwa heshima hivi!" Kufika kesho yake watu wa huko na huko walikuwa wametuona. Mimi nimefunikwa kama sanduku, mzee wa watu kainamisha kofia ukutani.

Aibu niliyoiona sijui niiwekeje. Si kwamba tulifanya kibaya. Ni kama mtu amekuchungulia ukiomba.

Madam akaja kutoka Dar amefurahi, akanikumbatia. Hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema.

"Mmenificha dhahabu nyie! Watu wanapiga simu, wanauliza ile salamu ya shuka iko lini."

"Madam, ile siyo salamu," nikamwambia. "Ni mkwe wangu yule. Sisi hatuonani."

"Ndiyo hiyo hiyo! Kutoonana! Watu wa mjini wamechoka kuonana, Atupele." Akacheka. "Kila Jumamosi, saa kumi, verandani, wageni wanakunywa chai. Unatoka na shuka, mzee anakuja na kuni. Dakika mbili. Nimeshonesha shuka lenye darizi, zuri sana."

"Na tusipoweza?"

Akawa mpole zaidi, na upole ule ndio uliniogopesha. "Silazimishi mtu. Nitaleta mzee mwingine na binti mwingine waigize. Ila hapo nami itabidi nijiulize ninyi wawili mnanisaidia nini humu."

Nilikwenda nyumbani. Nikamweleza mama mkwe, naye akazunguka nyuma ya nyumba kumwambia mzee. Sikusikia kitu, na hilo lenyewe lilikuwa jipya, maana ukuta ule daima ulikuwa na neno. Mama akarudi.

"Amesema usikatae. Amesema uende Jumamosi. Yeye atajua."

"Atajua nini, mama?"

"Hakusema."

Mume wangu akaona ndiyo mwisho wa maneno. "Si unaona? Mwenyewe kakubali. Kazi ni kazi." Mimi nikakaa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mzee yule. Nilikumbuka nilivyochuchumaa kwenye tope na tumbo la mimba ya miezi minane, hakuna anayeniona, kwa hiari yangu, kwa ajili yake. Sasa ataleta kuni watu wapige picha? Nilimwonea aibu. Nilimwonea aibu kama mtu anavyomwonea mzazi wake aliyelewa hadharani.

Jumamosi ikafika, na wala hakukuwa na mvua ya kutuokoa. Veranda imejaa, viti vya ukindu, vikombe, simu zimeshikwa tayari. Mpishi alikuwa kwenye dirisha la jikoni, hana utani hata mmoja. "Dada," alinong'ona, "ukitaka nichome ugali, moshi uwatoe wote, niambie." Nilitaka kucheka nikashindwa.

Madam akaeleza mambo ya utamaduni wa Wanyakyusa. Akaniashiria. Nikatoka, nikajifunika lile shuka la darizi, nikageukia ukuta, nikachuchumaa. Nikasikia simu zinabonyezwa. Chini ya shuka pananuka upya wa dukani.

Mabuti yakasikika kwenye kokoto. Hakukohoa. Hakuimba. Yakapanda ngazi, yakaja, na badala ya kupita yakasimama mbele yangu kabisa. Niliona kiraka chekundu. Hakijawahi kuwa karibu namna ile. Nikajua sasa ndiyo mwisho, sijui mwisho wa nini.

Akaanza kuweka kuni chini, moja moja, taratibu.

"Atupele."

Hakuwahi kulitamka jina langu. Sikujua kama analijua linavyotamkwa.

"Atupele, mwanangu, simama. Sakafu ina baridi hiyo."

Sikusimama. Ndipo mkono ukaja chini ya pindo la shuka, mkono wa kuni, umekakamaa, una majivu kwenye kucha. Ukangoja. Nikaushika, ukaninyanyua, shuka likateleza likaanguka.

"Hujambo?" akasema.

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, nenda ukaendelee na kazi yako." Kisha akawageukia wageni. "Karibuni chai."

Akaokota kuni zake akaingia ndani.

Pale ndipo ningeweza kumtazama. Nilikuwa nimesimama mbele yake, mkono wangu mkononi mwake, kila kitu kimeshavunjika. Nilitazama kifungo cha koti.

Mzee kamsalimia binti, binti kaitikia, jambo linalotokea kila dakika kila mahali. Bwana mmoja akauliza, "Ndiyo imeisha?" Mwenzake akashusha simu. Madam alikuwa ameshika birika, anamimina chai kwenye kikombe kilichojaa, inamwagika kwenye sahani, na hakuona. Baadaye alinifuata kwenye kamba za nguo. "Atupele, nimewafanya nini?" Nikamwambia hajafanya kitu, na wote wawili tulijua nimedanganya. Mambo ya Jumamosi hayakutajwa tena.

Jioni ile baba mkwe aliwasha moto vyumba vyote. Hakuimba. Siku iliyofuata alileta habari kwamba mgongo unamsumbua, na hakurudi tena kwenye nyumba iliyokuwa inamjua.

Nilidhani ugumu umeisha, kumbe kwake ulikuwa unaanza. Wazee wa rika lake walimngoja sokoni. "Bwana mkubwa! Siku hizi unashikana mikono na mkweo? Mwakani tutawaona mnacheza muziki!" Haya aliyoilinda maisha yake yote, ambayo hata mahubiri hayakumwachisha, aliitoa mwenyewe mchana kweupe ili mimi nisichuchumae mbele ya watu wanaokunywa chai. Na kibaya kuliko utani wa sokoni kilikuwa kanisani. Mchungaji, kwa nia njema, alisimama akasema, "Tumshukuru Mungu kwa mzee wetu, ameacha mila za giza, amempa mkwewe mkono." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa viti vya nyuma. Niliona mabuti yake chini ya benchi la mbele yamebanana, kama ya mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Amina haikutoka.

Nyumbani akaacha kukohoa. Akawa anakuja moja kwa moja mpaka mlangoni, anasimama, "Hujambo, mwanangu," macho chini, sauti kama anasoma tangazo. "Sijambo, baba. Shikamoo." "Marahaba." Kisha tunabaki. Hatukujua watu wanaoonana wanaongea nini. Mimi nafuta meza iliyo safi, yeye anageuza kofia mikononi, mpaka mmoja apate sababu ya kuondoka. Nilimuuliza mama mkwe kwa nini asirudie tu desturi yake, nani atamzuia?

"Anasema ameshaitoa," mama akanijibu huku anachambua maharage. "Anasema akijificha tena, itakuwa ule mkono aliokupa ulikuwa maigizo kama ya wale. Kwa hiyo anakaa hivyo hivyo."

Nilikosa raha. Nilikuwa nakikumbuka kile kikohozi kama mtu anavyokumbuka mtu.

Ilikuwa juzi juzi. Natoka shambani, mkungu wa ndizi kichwani, mwanangu nimemwachia anatangulia, anaruka madimbwi. Njia ile inapita kati ya migomba, kisha inakata kona kuingia kwenye shamba la chai la jirani. Mvua ilikuwa imekatika, kumetulia, hakuna mtu. Nikasikia mabuti. Moja linalia vizuri, la kushoto linalia kwa kiraka. Yanakuja kwa kimya, bila hodi, kama yalivyozoea siku hizi, na nikajua akifika atasimama, atasema hujambo mwanangu, tutabaki tumesimama pale kama watu wawili kwenye foleni.

Nikatua mkungu. Nikamvuta mwanangu, nikaiacha njia, nikaingia kwenye migomba, nikageuka, nikachuchumaa, nikajifunika khanga mimi na yeye. Tope likaingia kwenye kandambili. Hakuna shuka la darizi, hakuna wa kurekodi, hata ndege hakuwepo.

"Mama," mtoto akaninong'oneza gizani humo, amefurahi, "tunajificha?"

"Ee. Nyamaza."

"Tunamkwepa nani?"

"Babu."

"Atatuona?"

"Hatatuona."

Mabuti yakafika, yakasimama. Nikamhisi anaukuta mkungu katikati ya njia, anamtafuta mwenyewe, anaona mgongo wangu. Niliogopa kwamba ataita jina langu, ataniambia nisimame, tope lina baridi. Nilijifunika zaidi. Mtoto akanishika kidole.

"Ndaga," akasema, kwa sauti ndogo, asante hiyo, na hakuielekeza kwangu. Aliiambia njia.

Nikasikia mkungu unanyanyuliwa, unawekwa pembeni kwenye majani makavu usichafuke. Kisha mabuti yakaondoka, yakapita migomba yote. Na kule mbele kabisa, kwenye kona ya kuingilia chai, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuonywa, akakohoa.